Ukoo Hausomwi kwenye Karatasi ya Kura

Kila msimu wa uchaguzi unapokaribia, orodha ile ile huletwa mezani. Huanza na Mwinyi baba na Mwinyi mwana, wakaja Karume wawili, Kikwete watatu, Makamba, Nnauye, Kawawa, Malima, na mwisho kabisa, kwa sauti ya kuteremka kidogo, Nyerere. Mwenye kuisoma akishamaliza huinua macho na kutoa hukumu: nchi hii ni mali ya koo chache, na ushahidi mmeusikia wenyewe, majina yanafanana. Utaisikia hukumu hiyo kwenye vijiwe vya Ngara mjini, utaisikia kwenye makutano ya Nyakanazi watu wakisubiri basi la Mwanza, na utaisoma magazetini ikiwa imevishwa suti, imepambwa kwa akina Adams, Roosevelt na Bush wa Marekani ili ionekane ni sayansi.

Niseme mapema nisichopinga. Sipingi kwamba uongozi katika nchi hizi hurithiwa. Hurithiwa, tena kuliko orodha hiyo inavyoonyesha. Ninachopinga ni mizani. Kumtafuta mrithi kwa kuangalia jina la mwisho ni uvivu uliozoeleka hadi ukaitwa uchambuzi, na kwa watu wa Ngara na Biharamulo uvivu huo una gharama mbili: unawaficha warithi halisi, na unawatia hatiani watu ambao hawajarithi chochote zaidi ya jina.

Tuanze na Ngara yenyewe. Uchaguzi wa 2005 ulimpeleka bungeni Profesa Feetham Banyikwa. Mwaka 2010 akaenda Deogratias Ntukamazina, 2015 akaenda Alex Gashaza, 2020 akaenda Ndaisaba Ruhoro. Chaguzi nne, wabunge wanne, wote wa CCM, na majina manne yasiyokaribiana hata kidogo. Sogea Biharamulo Magharibi. Huko alikuwapo Phares Kabuye wa TLP, aliyefariki kwa ajali ya barabarani mwaka 2009. Uchaguzi mdogo ukampa kiti Oscar Mukasa wa CCM kwa tofauti finyu. 2010 jimbo likachukuliwa na Dk. Anthony Mbassa wa Chadema. 2015 Mukasa akarudi. 2020 akaingia Ezra Chiwelesa. Biharamulo Mashariki, ambayo leo ni Chato, ilishikwa na John Magufuli tangu 1995 hadi alipokwenda Ikulu 2015.

Kwa mizani ya wahesabu majina, wilaya hizi ni pepo ya demokrasia. Hakuna jina lililorudi ila la mtu yule yule. Hakuna mwana aliyekalia kiti chenye jina la babaye. Wangepaswa kuja kujifunza kwetu! Lakini hawaji, kwa sababu ndani ya nafsi zao wanajua kwamba kimya cha majina huku hakimaanishi chochote. Sisemi kwamba wabunge niliowataja ni ndugu. Nasema kwamba hata wangekuwa mtu na kaka yake, majina yasingekuambia.

Na sababu iko wazi kwa kila aliyekulia huku. Kwa Wahangaza na Washubi, kama kwa majirani wao wa Burundi na Rwanda, mtoto hapewi jina la baba yake. Hupewa la kwake. Tuseme mzee mmoja wa upande wa Kabanga ana watoto watano. Wa kwanza ni Bigirimana. Anayefuata ni Niyonzima. Pacha ni Bukuru na Butoyi, kwa sababu pacha huitwa hivyo wazazi wapende wasipende. Kitindamimba ana jina linalokumbusha ugomvi wa mpaka wa shamba uliokuwa ukiunguruma siku alipozaliwa, na jirani mhusika hulisikia likiitwa kila jioni. Padri anawaongezea Petro, Yohana na Skolastika. Halafu inakuja shule. Mwalimu wa darasa la kwanza anataka majina matatu, kwa hiyo daftari la mahudhurio linaandikwa jina la mtoto, jina la ubatizo la baba, na la tatu litakalopatikana asubuhi hiyo: pengine la babu, pengine jina la nyumbani la baba, pengine lile la mtoto mwenyewe likiwa limesukumwa mwisho. Mdogo wake anafika miaka mitatu baadaye. Mwalimu amehamishwa, aliyempeleka mtoto ni shangazi, na jina la tatu linakuwa lingine.

Wakimaliza kidato cha nne, vyeti vya Baraza la Mitihani vinawaonyesha watoto wa tumbo moja kama watu waliokutana stendi. Mmoja akawa diwani, wa pili akawa afisa elimu, wa tatu akawa katibu wa jumuiya ya chama. Wananchi wa kata nzima wanajua ni nyumba moja. Mwandishi aliyeko Dar es Salaam, akiwa na orodha ya majina mbele yake, anaona watu watatu wasiojuana na anaisifu Ngara kwa uwazi wake.

Ukoo upo, asije mtu akadhani naukana. Upo na una nguvu kuliko chama. Ila alama zake haziko kwenye jina. Ziko kwenye mwiko wa mnyama au chakula ambacho watu wa ukoo huo hawagusi, kwenye nani hawezi kuoa kwa nani, kwenye nani anakaa ndani na nani anakaa uani siku ya msiba. Bahinda waliotawala Rusubi, ile nchi ya upande wa Biharamulo ya leo, hawakuhitaji kuitwa wote Hinda ili wajulikane. Suwarora, mtawala wao, alipomtoza hongo msafiri Mwingereza Speke mwaka 1861, alikuwa Suwarora tu, na kila mtu kuanzia pale hadi Karagwe alijua ni wa nyumba gani.

Kama kuna mtu anadhani nasaba haiwezi kushika nchi bila jina moja kupokezanwa, amwangalie mwami wa Burundi, ambaye Bugufi, sehemu ya Ngara ya leo, ilikuwa chini yake kabla Waingereza hawajaichukua kuwa sehemu ya Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Majina ya enzi yalikuwa manne, yakizunguka kwa zamu: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa. Mwezi Gisabo alifariki 1908, akafuatwa na mwanawe Mutaga, aliyefuatwa 1915 na mwanawe Mwambutsa, aliyeondolewa 1966 na mwanawe Ntare. Baba na mwana hawakulingana majina hata mara moja. Mhesabu majina angeipitia orodha hiyo na kuripoti kwamba Burundi ilikuwa ikibadilisha familia inayotawala kila kizazi. Hiyo ndiyo familia iliyoshika ngoma ya Karyenda kwa vizazi na vizazi!

Wala mambo hayakubadilika jamhuri ilipokuja. Micombero alichukua nchi 1966, Bagaza akampindua 1976, Buyoya akampindua Bagaza 1987. Majina matatu, mapinduzi, hotuba za kufungua ukurasa mpya. Na wote watatu walitoka Rutovu, tarafa moja ndani ya mkoa wa Bururi. Pierre Nkurunziza, aliyeongoza kuanzia 2005 hadi 2020, alipoingia alionekana na wengi kama mtu wa msituni asiye na mizizi ya siasa. Baba yake, Eustache Ngabisha, alichaguliwa mbunge mwaka 1965 na kuuawa katika mauaji ya 1972. Mwana wa mbunge akawa rais, mwendo wa saa chache kutoka Kabanga, na hakuna kanuni ya kulinganisha majina ambayo ingeweza kuligundua hilo.

Ukivuka Kagera kuelekea kaskazini, mambo ni yale yale. Uganda ndiyo mfano ambao watu wetu hupenda kuutoa wakitaka kueleza serikali ya familia, na mfano ni sahihi. Lakini hebu uutazame kwa macho ya mhesabu majina. Rais ni Yoweri Museveni. Mkuu wa majeshi tangu Machi 2024 ni Muhoozi Kainerugaba, mwanawe. Mdogo wake rais, jenerali ambaye kwa miongo amekuwa mtu mzito kuliko mawaziri wengi, ni Caleb Akandwanaho, anayefahamika zaidi kwa jina la Salim Saleh. Mtoto na mdogo mtu, kila mmoja na jina lake. Ungekuwa na orodha ya majina peke yake ungemkamata mtu mmoja tu, Janet Museveni, na huyo ungemkamata kwa sababu aliolewa.

Hata Kenya, ambako Kenyatta na Odinga wamekuwa ndio mfano wa kila mhadhara, mizani hii huvuja. Marehemu Raila Odinga na Oburu Oginga ni watoto wa baba mmoja, Jaramogi Oginga Odinga. Mmoja alichukua jina hili, mwingine lile. Moses Wetang'ula, Spika wa Bunge la Taifa, na Tim Wanyonyi, ambaye amekuwa mbunge wa Westlands, ni ndugu. Msomaji wa karatasi ya kura asiyewajua angewapigia wote wawili akidhani anasambaza madaraka.

Sasa nije pwani, maana najua nitajibiwa: hayo ni ya bara huko, kwetu majina yapo na yanarithiwa. Yapo, ndiyo. Lakini yalipatikanaje? Ali Hassan Mwinyi alikuwa Ali, mwana wa Hassan, na Mwinyi ni jina lililokuwa nyuma ya hapo. Kwa desturi ya kawaida mwanawe Hussein angeishia Hussein Ali Hassan, na Mwinyi angebaki kwa wazee wanaojua nasaba. Jina hilo halikushikwa kwa sababu lilikuwa la ukoo tangu zamani. Lilishikwa kwa sababu mtu mmoja alilipeleka Ikulu mwaka 1985. Kikwete, Makamba, Nnauye, ni habari hiyo hiyo: jina la mtu mmoja liliganda pale alipopata cheo, na kuanzia hapo watoto wakaacha kwenda nalo mbele kama wenzao wanavyokwenda. Familia za wakulima na wavuvi zinaendelea kusonga, kila kizazi kikidondosha jina moja nyuma na kuokota jipya mbele.

Hapa ndipo wahesabu majina wanapokosea kuliko kwingine kote. Wao husema jina la ukoo huleta cheo. Katika nchi hii, mara nyingi, cheo ndicho kilicholeta jina la ukoo. Wanachokiona kwenye orodha yao ni matokeo, nao wanakiita chanzo. Ndiyo maana orodha hiyo hukamata wale tu ambao baba alikuwa mkubwa kiasi cha jina kuganda, yaani wale ambao tayari kila mtu anawajua. Haimfichui mtu ambaye hakuwa amefichuka.

Na tazama orodha hiyo inachokiachia. Rais Samia Suluhu Hassan anaitwa kwa jina la baba yake na la babu yake, kama inavyostahili. Binti yake ni Wanu Hafidh Ameir, naye amebeba ya baba yake, kama inavyostahili. Wanu amekuwa mwakilishi katika Baraza la Wawakilishi Zanzibar na baadaye mbunge. Mumewe ni Mohamed Mchengerwa, mbunge wa Rufiji na waziri. Mama, binti, mkwe. Majina matatu ambayo kwenye karatasi hayagusani popote. Sina hoja hapa juu ya uwezo wa yeyote kati yao; hoja yangu ni kwamba orodha ya majina yanayofanana, ile inayosomwa kwa mbwembwe kijiweni, kwa miaka mingi haikuwa na mstari wa kuwaweka.

Upinzani nao usijifanye hauhusiki. Edwin Mtei aliianzisha Chadema mwaka 1992 na kuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Freeman Mbowe, aliyeiongoza kuanzia 2004 hadi aliposhindwa na Tundu Lissu Januari 2025, amemwoa binti wa Mtei. Mkwe hakai kwenye jina. Hukaa mezani.

Marekani wanayoitaja kila mara ina kitu ambacho sisi hatuna: jina la familia lililofungwa kisheria na kidesturi kwa karne nyingi. Pale kuhesabu kuna maana kidogo. John Adams na mwanawe John Quincy, William Henry Harrison na mjukuu wake Benjamin, Bush wawili, sawa. Lakini hata pale, kwenye udongo uliotayarishwa kwa mizani hiyo, inapiga upande. Andrew Johnson alirithi urais Lincoln alipouawa 1865, Lyndon Johnson alirithi Kennedy alipouawa 1963, na hawana udugu wowote. Roosevelt wawili walikuwa ndugu wa mbali sana. Aliyekuwa karibu na Theodore ni Eleanor, mke wa Franklin, mtoto wa mdogo wake Theodore. James Madison na Zachary Taylor, ambao hakuna anayewaweka kwenye sentensi moja, walikuwa na babu mkubwa mmoja. Kama mizani inakosea kwa wenyewe walioitengeneza, kwa nini tuiazime kuja kupimia Rulenge?

Kuna jibu moja la upande wa pili ambalo halipaswi kupuuzwa. Watasema: hata kama jina halithibitishi ukoo, jina lenyewe ni mtaji. Mpiga kura akiliona karatasini analikumbuka, analiamini, analipigia. Kwa hiyo jina linalofanana ni upendeleo hata kabla hujauliza nasaba. Nakubali kuwa jina kubwa hufungua mlango wa ofisi ya chama, na hufungua pochi za wafadhili. Ila kura ni habari nyingine. Jina zito kuliko yote Tanzania ni Nyerere. Mwaka 1995, Mwalimu mwenyewe akiwa hai na akizunguka nchi kumnadi mgombea wa CCM, mwanawe Makongoro alishinda ubunge wa Arusha kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi. Mwaka 2010 Vincent Nyerere alichukua Musoma Mjini kwa tiketi ya Chadema. Jina moja, vyama vitatu. Kama wapiga kura wa Arusha na Musoma walikuwa wakifuata jina, walilifuata mpaka mahali ambapo mwenye jina asingetaka waende. Inaelekea walikuwa na sababu zao.

Na kwa Ngara hoja ya mtaji haina pa kusimama, kwa sababu mtoto wa mbunge wa Ngara akigombea kesho, karatasi itakuwa na jina ambalo mpiga kura wa Benaco hajawahi kuliona. Atakachokuwa nacho ni kingine: namba za simu za makatibu wa kata, paroko anayemfahamu tangu kipaimara, mwalimu mkuu aliyesaidiwa mabati, wajumbe wa kura za maoni ambao baba yake aliwazika wazazi wao. Hivyo ndivyo vinavyorithiwa. Seminari ya Katoke pale Biharamulo, alikosoma Magufuli kwa muda akiwa kijana, imefungamanisha watu wengi wenye vyeo kuliko jina lolote la mwisho mkoani Kagera, na hakuna aliyewahi kuihesabu.

Hadi hapa nimeeleza kosa la kutoona. Sasa lile la pili, la kuona kisichopo, ambalo kwangu ndilo zito.

Huku mpakani, jina linalofanana huulizwa swali tofauti na la Dar es Salaam. Kule wanauliza wewe ni mtoto wa nani. Huku wanauliza wewe ni wa nchi gani. Na mantiki ni ile ile moja: majina yanafanana, basi asili ni moja. Chukua Kabuye. Phares Kabuye alikuwa mbunge wa Biharamulo. Rose Kabuye alikuwa meya wa Kigali baada ya 1994, baadaye mkuu wa itifaki wa Rais Kagame. Mtu mwenye majina tu mkononi angechora mstari kutoka Biharamulo hadi Kigali na kuuita ushahidi, bila hata kuuliza kama mama huyo jina hilo alizaliwa nalo au aliolewa nalo. (Aliolewa nalo.) Chukua Mukasa. Oscar Mukasa alikuwa mbunge wetu; Wilson Muruli Mukasa amekuwa waziri Uganda. Jina hilo limesambaa kutoka Buganda hadi Bukoba kwa karne kadhaa, na mwenye kulifanya hati ya kusafiria atalazimika kuwahamisha watu wa nusu ya ziwa. Wasukuma waliohamia Biharamulo wana Kulwa na Doto katika kila kijiji. Kwa mantiki hii, Doto Biteko wa Bukombe ana jamaa wengi kuliko Ibrahimu.

Mchezo huu si wa vijiweni tu. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kuwa watu wanne wenye nafasi si raia wa Tanzania: Jenerali Ulimwengu, mwandishi wa habari aliyewahi kuwa mbunge na mkuu wa wilaya, Timothy Bandora, aliyekuwa balozi Nigeria, Anatory Amani, kiongozi wa CCM Kagera, na Maudline Castico wa CCM Zanzibar. Wawili kati yao wana majina ambayo kila mtoto anayesema Kiswahili anayajua, na mmoja wao analishiriki na Amani Karume, aliyekuwa Rais wa Zanzibar mwaka ule ule. Jina halikuwaponya, kama ambavyo majina ya wenzao hayakuthibitisha kosa. Anatory Amani alikuja kuwa Meya wa Bukoba. Castico akawa waziri Zanzibar. Watu walioambiwa si wenzetu wakarudi kutuongoza, na hakuna aliyetoa maelezo ya maana juu ya ni nini hasa kilichokuwa kimepimwa.

Kwa wasio na vyeo hakuna kurudi kwa heshima namna hiyo. Aprili 1994 takribani wakimbizi 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja na kujaza Benaco. Kuanzia hapo kila jina la Kihangaza lilianza kusikika kama jina la mkimbizi. Septemba 2013 ikaja Operesheni Kimbunga dhidi ya wahamiaji haramu, na maelfu wakaondolewa Kagera, Kigoma na Geita, wakiwamo waliolia kwamba wamezaliwa hapa na wazazi wao wamezikwa hapa. Mpaka leo, mwombaji wa kitambulisho cha taifa kwenye vijiji vya mpakani hukaa kwenye benchi la ofisi ya mtendaji na fomu yenye nafasi ya jina la mwisho, la ukoo. Anaandika lake, kwa sababu hana lingine. Afisa anaangalia cheti cha kuzaliwa cha baba: jina jingine. Anaangalia kadi ya kaka yake aliyepata mwaka jana: jina la tatu. Hapo maswali yanaanza. Babu alizikwa wapi? Mwenyekiti wa kitongoji gani anamjua? Mbona ndugu yako anaitwa hivi nawe unaitwa vile? Jina lake likiwa tofauti na la babaye, huyo si mtoto wake. Likifanana na la mtu wa Kobero, huyo ni Mrundi. Hana namna ya kushinda.

Sasa fikiria mtu huyo anataka kugombea. Ibara ya 67 ya Katiba inamtaka mbunge awe raia, na hilo ni haki kabisa. Lakini mpinzani wake kwenye kura za maoni hahitaji kuthibitisha chochote. Inatosha ataje jina kwa lafudhi ya ng'ambo ya Ruvubu, mara mbili au tatu, mbele ya watu, kisha akae chini. Naona ajabu kwamba wale wale wanaolalamika juu ya nchi ya koo chache hawaoni kwamba chombo chao ndicho hiki. Wao wanakitumia dhidi ya wakubwa wa Dodoma, ambao hakiwadhuru. Huku kinatumiwa dhidi ya mwalimu wa shule ya msingi aliyechukua fomu ya udiwani, na huyo hukatwa.

Nani basi aulizwe, na aulizwe nini? Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inamtaka kiongozi atamke mali na madeni yake, ya mwenzi wake, na ya watoto wake walio chini ya miaka 18 ambao hawajaoa au kuolewa. Angalau sheria hiyo inauliza udugu wenyewe na wala haijali kama majina yanalingana. Inaishia mapema mno. Mtoto wa miaka 30 anayegombea jimbo hayumo. Mkwe hayumo. Kaka, dada na shemeji hawamo. Anayetaka kweli kuzuia viti visirithiwe angepigania fomu ya kugombea, ya chama na ya Tume ya Uchaguzi, iwe na sehemu ya kutaja kila mzazi, mtoto, ndugu wa tumbo moja, mwenzi, mkwe na shemeji aliyewahi kushika cheo cha umma, na cheo chenyewe, na mwaka. Itangazwe kwenye ubao wa kata kabla ya kura za maoni. Wajumbe wa Kabanga na Nyakahura tayari wanayajua hayo kwa vichwa. Wasioyajua ni wale wanaopitisha majina Dodoma, na sisi tunaosoma matokeo magazetini.

Najua nitaambiwa kwamba huko ni kuingilia mambo ya ndani ya familia. Lakini kijana wa mpakani anayeomba kitambulisho tayari anatajiwa babu yake hadi kaburi, naye haombi kuongoza mtu.